Makato ya mshahara: Nani huchukua nini, na mfanyakazi atajuaje kama yamefika?

KILA mwisho wa mwezi, wafanyakazi wengi nchini Kenya hupokea ujumbe wa benki kwenye simu, wakatazama kiasi kilichoingia, wakaguna na kuendelea na shughuli zao. Ni wachache wanaochukua hati ya mshahara na kuisoma mstari baada ya mstari ili kujua ni kwa nini kiasi kilichoandikwa kwenye barua ya kuajiriwa si kile kilichofika benki.

Kwa wengi, kila kinachokatwa huitwa kwa jina moja tu: kodi. Hata hivyo, makato ya lazima kwenye mshahara wa Mkenya ni manne, na kila moja lina sheria yake, hesabu yake na mahali pake pa kwenda.

Kuyatofautisha si suala la udadisi tu. Moja kati ya makato hayo ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe. Jingine ndilo linalomfungulia mlango wa hospitali yeye na jamaa yake. Na yote manne hupitia mikononi mwa mwajiri kabla ya kufika yanakotakiwa kufika. Mwajiri akiyakata na kukosa kuyawasilisha, anayeumia ni mfanyakazi, na huenda asigundue hadi siku atakapolazwa au kustaafu.

Makato manne na njia zake

La kwanza ni kodi ya mapato, maarufu kama PAYE. Kodi hii hutozwa chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato iliyoanza kutumika Januari 1, 1974, na hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA), iliyobuniwa mwaka wa 1995. Pesa zake huingia katika hazina kuu ya serikali na kutumika kwa mahitaji yote ya taifa, kuanzia mishahara ya walimu na polisi hadi ulipaji wa madeni. Mlipaji hana akaunti yake humo, wala hawezi kudai kurudishiwa isipokuwa alikatwa kupita kiasi.

La pili ni mchango wa Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), iliyoanzishwa mwaka wa 1965. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa Sh200 pekee kwa mwezi, naye mwajiri akaongeza Sh200. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa mwaka wa 2013, lakini ikakwama mahakamani kwa karibu mwongo mmoja, hadi uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Februari 2023 ulipofungua njia ya kuitekeleza.

Tangu wakati huo mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri hutoa asilimia 6 nyingine kutoka mfukoni mwake. Kiwango cha juu cha mshahara kinachohesabiwa kimekuwa kikipandishwa kila Februari: Sh18,000 mwaka wa 2023, Sh36,000 mwaka wa 2024, Sh72,000 mwaka wa 2025 na Sh108,000 mwaka wa 2026. Ndiyo maana wanaolipwa mshahara mnono wameona kato hili likipanda mwaka baada ya mwaka, ilhali mishahara yao ni ile ile.

La tatu ni mchango wa Bima ya Afya ya Jamii (SHIF). Bima hii ilichukua mahali pa NHIF, iliyoanzishwa mwaka wa 1966, na makato yake yakaanza Oktoba 2024. Chini ya NHIF, hakuna mfanyakazi aliyekatwa zaidi ya Sh1,700 kwa mwezi, hata awe na mshahara mkubwa kiasi gani. SHIF hukata asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, bila kikomo cha juu, na kiwango cha chini ni Sh300. Anayelipwa Sh500,000 hukatwa Sh13,750. Katika bima hii mwajiri haongezi chochote.

La nne ni ushuru wa nyumba za bei nafuu. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 na mwajiri akaongeza asilimia 1.5. Ushuru huu uliletwa na Sheria ya Fedha ya 2023, lakini Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba ulikiuka Katiba. Ulisitishwa kwa muda mapema mwaka wa 2024, kisha ukarejeshwa na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 19, 2024.

Tofauti na NSSF, ushuru wa nyumba si akiba. Kuulipa hakumpi mtu nyumba. Anayeitaka hulazimika kujisajili katika mpango wa Boma Yangu na kuilipia kivyake.

Hesabu inavyofanywa

Jambo linalowatatiza wengi ni mpangilio wa hesabu. Tangu Desemba 27, 2024, Sheria ya Marekebisho ya Kodi ilipoanza kutumika, michango ya SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kwenye mshahara kwanza, pamoja na ule wa NSSF, kabla ya kodi ya mapato kupigiwa hesabu. Kodi hutozwa kwa kile kinachobaki.

Chukua mfano wa mfanyakazi wa kiwanda aliyelipwa Sh50,000 kwa mwezi katika mwaka wa 2025. Mchango wake wa NSSF ulikuwa Sh3,000, SHIF Sh1,375 na ushuru wa nyumba Sh750. Jumla ni Sh5,125. Zikiondolewa kwenye Sh50,000 zinabaki Sh44,875, na hizo ndizo zinazotozwa kodi.

Hapo ndipo huja ngazi za kodi. Kwa viwango vilivyotumika mwaka huo, Sh24,000 za kwanza zilitozwa asilimia 10, ambayo ni Sh2,400. Sh8,333 zilizofuata zilitozwa asilimia 25, yaani Sh2,083.25. Sh12,542 zilizosalia zilitozwa asilimia 30, yaani Sh3,762.60. Jumla ya kodi ikawa Sh8,245.85.

Lakini hicho sicho kiasi alichokatwa. Kila mlipa kodi mkazi wa Kenya alikuwa na afueni binafsi ya Sh2,400 kwa mwezi, ambayo huondolewa kwenye kodi yenyewe. Kwa hivyo PAYE aliyokatwa mfanyakazi huyu ilikuwa Sh5,845.85, na pesa zilizofika benki zikawa Sh39,029.15.

Ngazi nyingine mbili ziliongezwa na Sheria ya Fedha ya 2023 kwa wenye mapato makubwa zaidi: asilimia 32.5 kwa kiasi kinachozidi Sh500,000 kwa mwezi hadi Sh800,000, na asilimia 35 kwa kinachozidi hapo.

Nyongeza haipunguzi mshahara

Kutokana na ngazi hizo kumezuka dhana potovu kwamba mtu akiongezwa mshahara na kuingia katika ngazi ya juu, kodi itamla kiasi cha kumwacha na pesa kidogo kuliko awali. Wako hata wanaosita kukubali saa za ziada kwa kuhofia hilo.

Ukweli ni kwamba kiwango cha juu hutozwa kile kipande cha mshahara kilichovuka mpaka pekee. Kilicho chini ya mpaka huendelea kutozwa kama kawaida.

Iwapo mfanyakazi wa Sh50,000 aliongezwa Sh1,000, Sh60 zilienda NSSF, Sh27.50 SHIF na Sh15 ushuru wa nyumba. Asilimia 30 ya kilichobaki ilikuwa Sh269.25. Kwa jumla alikatwa Sh371.75 na kubaki na Sh628.25 za nyongeza yake. Alikatwa zaidi ya theluthi moja, ndiyo, lakini hakurudi nyuma.

Pesa zilienda wapi?

Malalamishi ya miaka ya karibuni kwamba mshahara umepungua yana msingi. Hata hivyo, ukilinganisha mstari kwa mstari, sababu yake si ile inayotajwa sana.

Mwaka wa 2022, mfanyakazi huyo huyo wa Sh50,000 alikatwa NSSF Sh200, NHIF Sh1,200 na PAYE Sh7,143.35, baada ya afueni binafsi na ile ndogo iliyotolewa kwa mchango wa NHIF. Alienda nyumbani na Sh41,456.65. Mwaka wa 2025 alipata Sh39,029.15. Amepungukiwa na Sh2,427.50 kila mwezi.

Ajabu ni kwamba PAYE yake ilishuka kwa Sh1,297.50, kwa kuwa michango mingine sasa hutolewa kwanza. Bima ya afya ilipanda kwa Sh175 na ushuru wa nyumba ukaongeza Sh750. Ukijumlisha hayo matatu, mzigo wake ulipungua kwa Sh372.50. Kilichomeza mshahara wake ni NSSF, iliyopanda kutoka Sh200 hadi Sh3,000.

Maana yake ni nzito. Kwa mfanyakazi huyu, pesa zote alizopungukiwa hazikuchukuliwa na serikali kama kodi, bali ziliwekwa kwa jina lake kama akiba ya uzeeni. Tena mwajiri huongeza Sh3,000 nyingine. Awali Sh4,800 pekee ndizo zilizoingia katika akaunti yake kwa mwaka. Sasa zinapaswa kuingia Sh72,000.

Neno muhimu hapo ni "zinapaswa". Ikiwa zimefika, mfanyakazi amejinyima leo ili ale kesho. Ikiwa hazikufika, amenyang'anywa. Tofauti kati ya hayo mawili haionekani kwenye hati ya mshahara, kwa sababu hati huonyesha kilichokatwa tu wala haionyeshi kilichowasilishwa.

Hali si sawa kwa wote. Kwa mwenye mshahara wa juu, SHIF isiyo na kikomo ndiyo iliyouma zaidi. Naye anayelipwa Sh20,000 hakuwa akilipa PAYE mwaka wa 2022 wala mwaka wa 2025, kwa kuwa afueni binafsi iliifuta yote. Kwa sababu hiyo, hakuwa na kodi ya kupunguziwa makato mapya yalipokuja. Mwaka wa 2025 alikatwa Sh1,200 za NSSF, Sh550 za SHIF na Sh300 za nyumba, akabaki na Sh17,950. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa akibaki na Sh19,050. Kwa mtu anayelipa nauli na kodi ya chumba, Sh1,100 si pesa haba.

Afueni ambazo wengi huzipoteza

Mbali na afueni binafsi, sheria imeweka nafuu nyingine ambazo mfanyakazi asipozijua hatazipata. Anayelipia bima ya maisha, ya elimu au ya matibabu hupata afueni ya asilimia 15 ya malipo hayo, isiyozidi Sh5,000 kwa mwezi. Anayelipa mkopo wa kununua au kujenga nyumba anayoishi huruhusiwa kutoa riba ya hadi Sh360,000 kwa mwaka kabla ya kutozwa kodi. Kiwango hicho kilikuwa Sh300,000 hadi Desemba 2024.

Michango ya uzeeni, ikiwemo ile ya NSSF na ya mpango wa kampuni, hutolewa kabla ya kodi hadi Sh30,000 kwa mwezi. Awali kikomo kilikuwa Sh20,000. Naye mfanyakazi mwenye ulemavu aliye na cheti cha KRA cha kumwondolea kodi hatozwi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi.

Zamani waajiri wengine walipuuza nafuu hizi, wakamwachia mfanyakazi kazi ya kuidai KRA imrejeshee pesa zake. Sheria ya Fedha ya 2025 ilibadilisha hilo: kuanzia Julai 1, 2025, mwajiri analazimika kuzingatia afueni na nafuu zote ambazo mfanyakazi anastahili anapokokotoa PAYE. Bila shaka mwajiri hawezi kujua kuhusu bima au mkopo ambao hajaonyeshwa. Ni jukumu la mfanyakazi kuwasilisha stakabadhi hizo kwa afisi ya wafanyakazi mapema.

Mwenye ajira mbili anapaswa kuwa mwangalifu. Afueni binafsi hutolewa mara moja tu kwa mwezi. Waajiri wote wawili wakimpa, atajikuta anadaiwa wakati wa kuwasilisha taarifa ya mapato.

Wajibu wa mwajiri

Mwajiri hana hiari katika jambo hili. PAYE anayokata lazima ifike KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na makato mengine pia yana makataa yake mwanzoni mwa mwezi huo. Wajibu wa kusajili wafanyakazi katika NSSF humhusu hata mwenye mfanyakazi mmoja pekee, awe mwenye duka au anayemwajiri yaya nyumbani.

Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri kumpa mfanyakazi taarifa ya maandishi inayoonyesha mshahara wote, kila kato na sababu yake. Sheria hiyo hiyo inasema jumla ya makato yote, pamoja na mikopo ya benki na chama cha akiba, isizidi thuluthi mbili za mshahara. Kwa maneno mengine, mfanyakazi asiende nyumbani na chini ya thuluthi moja.

Aidha, ni kosa la jinai kwa mwajiri kukata pesa za mfanyakazi zinazopaswa kuwasilishwa na kisha kukosa kuziwasilisha. Anayepatikana na hatia huweza kutozwa faini au kufungwa jela.

Kuna hila nyingine inayofaa kuangaliwa. Sehemu ya mwajiri ya NSSF na ya ushuru wa nyumba haipaswi kutolewa kwenye mshahara wa mfanyakazi, wala ada ya mafunzo ya viwandani ya Sh50 kwa kila mfanyakazi. Iwapo mfanyakazi wa Sh50,000 ataona amekatwa Sh6,000 za NSSF au Sh1,500 za nyumba, ajue amebebeshwa mzigo usio wake.

Jinsi ya kuhakikisha

Kila kato lina pahali pake pa kulithibitisha. Kwa PAYE, mwajiri hutakiwa kumpa mfanyakazi fomu ya P9 baada ya mwaka kwisha, ikionyesha mshahara na kodi ya kila mwezi. Fomu hiyo ndiyo hutumiwa kuwasilisha taarifa ya mapato katika mtandao wa iTax kabla ya Juni 30. Tarakimu za P9 zilinganishwe na zile za hati 12 za mshahara. Anayechelewa kuwasilisha taarifa huweza kutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa zaidi. Kukatwa PAYE kila mwezi hakumwondolei mtu wajibu huo.

Kwa NSSF, mwanachama huweza kuomba taarifa ya akaunti yake mtandaoni au katika tawi lolote. Atazame kama kila mwezi umejazwa na kama kiasi kilichoingia ni mara mbili ya kile alichokatwa, kwa kuwa cha mwajiri pia kinapaswa kuwemo. Kwa bima ya afya, nambari *147# ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) hutumika kujisajili na kuangalia hali ya usajili. Ni vyema kufanya hivyo wakati familia ni nzima, si mgonjwa akiwa tayari mlangoni pa hospitali.

Ikitokea kwamba kuna miezi iliyorukwa, hatua ya kwanza ni kumwandikia mwajiri na kubaki na nakala ya barua. Akikaidi, suala hilo lipelekwe kwa shirika linalohusika, chama cha wafanyakazi au afisi ya leba iliyo karibu. Mapema ni bora, kwa maana kampuni ikifilisika au kufunga milango, kufuatilia michango ya miaka iliyopita huwa kibarua kigumu.

Yapo majira mawili ya mwaka yanayostahili uangalifu zaidi. Sheria ya Fedha kwa kawaida huanza kutekelezwa Julai 1, nayo NSSF imekuwa ikibadilisha viwango Februari. Mfanyakazi anayeweka kando hati ya Juni na ya Julai, au ya Januari na ya Februari, ataona mara moja ni mstari upi uliosogea na kumtaka mwajiri aeleze.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mshahara daftari lipo tayari, na ni hati ile ile inayotupwa kapuni kila mwisho wa mwezi. Kuihifadhi hakugharimu chochote. Siku NSSF itakapomwambia mstaafu kwamba rekodi zake zina miezi isiyo na michango, karatasi hizo ndizo zitakazokuwa shahidi wake.